Vanishi ya Sakafu: Kwa Nini Koti Moja Halitoshi

Wale mlio katika vikundi vyenye ukumbi wa mbao, au mnaopanga kujenga, makala haya ni yenu. Nayaandika kwa sababu nilikuwa mmoja wa kamati iliyoharibu sakafu nzuri kwa siku nne tu.

Ukumbi ulikuwa wa kikundi cha akina mama, huku kwetu nyanda za juu ambako baridi ya asubuhi haina huruma. Walichanga miaka mitatu. Sakafu ndiyo iliyomalizwa mwisho: mbao za saiprasi za inchi moja, zimepigwa randa, zimeingiliana ubavu kwa ubavu, zimepigiliwa vizuri juu ya mihimili. Zilipendeza hata kabla ya kupakwa kitu. Mpango ulikuwa kukodisha ukumbi kwa harusi na mikutano ili pesa zirudi. Harusi ya kwanza ilikuwa Jumamosi, na fundi alianza kupaka vanishi Jumatano mchana. Alipaka koti la kwanza zito, na jioni ile ile akapaka la pili juu yake. Alhamisi sakafu ilimetameta kama maji ya kisima, tukapiga makofi. Ijumaa jioni ilikuwa bado inanata kidogo. Mwekahazina akauliza, "Hii kweli imekauka?" Tukamwambia itakauka usiku.

Haikukauka. Jumamosi miguu ya viti ilishika, upindo wa gauni la bibi harusi ukashika, na watu walipocheza, vanishi ilijikunja chini ya viatu kama ngozi ya maziwa. Jumapili tulikuta alama za soli kutoka mlangoni hadi jukwaani. Tulilazimika kukwangua sakafu nzima, kununua vanishi mara ya pili, na kukataa watu waliotaka kukodisha kwa karibu miezi miwili. Mwekahazina hakutuambia neno, lakini alituonyesha kitabu.

Sasa tueleze kilichotokea, maana fundi yule hakuwa mwizi. Alikuwa na haraka, na sisi ndio tuliompa haraka hiyo.

VANISHI HUKAUKAJE?

Vanishi ya mafuta, ile inayouzwa zaidi madukani kwetu, hukauka kwa hatua mbili. Kwanza ile dawa inayoilainisha (ndiyo yenye harufu kali) hupaa na kwenda zake. Hilo ni jambo la saa chache. Halafu mafuta yaliyobaki huvuta hewa safi, ile oksijeni tunayopumua, na polepole hugeuka kuwa kitu kigumu. Hatua hii ya pili ndiyo ndefu, tena huanzia juu na kuteremka chini.

Mama yeyote aliyechemsha maziwa anajua utando. Juu unaona ngozi, ukiigusa inashika, lakini chini maziwa bado ni maji. Koti zito la vanishi hufanya vivyo hivyo. Juu linaziba, hewa haipiti tena, na chini panabaki pabichi kwa siku nyingi, pengine majuma. Ukipaka koti jingine juu ya hapo, umefunika mlango. Baadaye inakunjamana, inapata malengelenge, au inabambuka vipande vizima.

Kwa hiyo siri si vanishi nyingi. Ni vanishi nyembamba, mara tatu, kila koti likipewa muda wake. Jumla ya vanishi inaweza kuwa ile ile, lakini matokeo hayafanani hata kidogo.

Kila koti lina kazi yake pia. La kwanza hunywewa na mbao. Linaingia ndani, linaziba matundu madogo, na kuzisimamisha nyuzi ndogo za mbao, hata ukipitisha kiganja utasikia zinachoma kama ndevu za siku mbili. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa, na msasa utaziondoa. La pili ndilo linalojenga. La tatu ndilo linalokanyagwa, linakwaruzwa na viti na kuoshwa kila juma. Mkiishia la kwanza, mnakanyaga mbao zenyewe, na baada ya msimu mmoja wa mvua mtaona njia nyeusi kutoka mlangoni hadi mezani.

KABLA YA KUFUNGUA KOPO

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi hawapendi kukaa.

Kwanza, mbao ziwe kavu. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, bei ya mbao ilipanda, na vikundi vingi viligeukia miti ya mashambani, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa mbichi. Mbao mbichi ikipakwa vanishi, maji yaliyo ndani yatatafuta njia ya kutoka na kuisukuma vanishi. Tena mbao yenyewe itasinyaa na kuacha nyufa. Kama hamna kifaa cha kupimia unyevu, chukueni ubao mmoja mzima kutoka katikati ya rundo, mwende nao kwenye mizani ya kupimia maziwa au magunia, mwandike uzito. Rudini juma lijalo na ubao ule ule. Uzito ukiendelea kupungua, mbao bado mbichi. Ukikaa pale pale majuma mawili matatu, mnaweza kupigilia.

Kama sakafu ni ya zamani, mwageni tone la maji juu yake. Likisambaa na kunywewa, vizuri. Likisimama duara kama umande juu ya jani la nduma, kuna nta au mafuta. Wengi wetu tumesugua sakafu kwa polishi miaka nenda miaka rudi, na wengine walipaka oili chafu ya gari ili kufukuza mchwa. Juu ya nta vanishi haishiki, na juu ya oili haikauki kabisa, hata mkingoja hadi Krismasi. Nta itolewe kwa kitambaa kilicholowa tapentaini, mkibadilisha kitambaa mara kwa mara, kisha mpige msasa. Oili ya gari iliyozama ndani ni shida kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, afadhali ubao huo ugeuzwe au ubadilishwe kuliko kupoteza vanishi juu yake. Na kama kuna rangi ya zamani sana, msiipige msasa ikiwa kavu, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ilowesheni maji mnapoikwangua, mkusanye maganda yote, na watoto wawe mbali.

Halafu zamisheni vichwa vya misumari, mzibe matundu kwa puti. Puti nzuri ya bei rahisi ni unga laini wa mbao zile zile uliochanganywa na gundi nyeupe kidogo. Nyufa zilizo katikati ya mbao na mbao ziacheni. Mbao hufura wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na puti mtakayojaza humo itaruka.

Sasa msasa. Namba imeandikwa mgongoni mwa karatasi: namba ndogo hukwaruza sana, namba kubwa ni laini. Anzeni na 60 kama sakafu ina mawimbi ya randa, mwende 100, mmalize na 120 au 150. Msiruke kutoka 60 hadi 150, kwa sababu mikwaruzo ya kwanza itabaki, na vanishi ikipita juu itaionyesha kama kioo kinavyoonyesha uso. Msipite 150 pia. Mbao iliyolainishwa kupita kiasi hainywi vizuri koti la kwanza. Pigeni kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kukata nyuzi. Ukumbi wa futi 20 kwa 30 kwa mkono ni kazi ya watu sita kwa siku mbili au tatu, kila mmoja na kitambaa puani. Mkipata mashine ya kukodi mjini, hesabuni kama kodi na nauli havizidi chakula cha watu sita.

Vumbi lifagiliwe, lingojewe litulie, lifagiliwe tena. Mwisho pitisheni kitambaa chenye tapentaini kidogo, na macho ya mbao yenye utomvu yapanguswe vizuri zaidi, maana utomvu ni adui. Nje ya mlango mwageni maji kwenye udongo ili upepo usilete vumbi.

KIASI CHA KUNUNUA

Hesabu hii ifanywe na kamati nzima, isiachiwe fundi peke yake. Futi 20 kwa 30 ni futi za mraba 600, yaani karibu mita za mraba 56. Juu ya mbao ambazo hazijapakwa, lita moja ya vanishi ya kawaida hufika kama mita 8. Juu ya koti lililokwisha kukauka, hufika kama mita 10 au zaidi. Kwa hiyo koti la kwanza ni lita 7, la pili lita 5 na nusu hivi, la tatu vivyo hivyo. Jumla ni lita 18 na kidogo. Nunueni makopo matano ya lita nne, mtabaki na kiasi cha kukarabati baadaye. Ongezeni lita tatu za tapentaini za kuzimulia na kuosha brashi. Someni maandishi ya kopo, kwa kuwa vanishi hazifanani. Na kopo liwe la sakafu. Vanishi ya milango na fanicha haikutengenezwa kwa kukanyagwa.

Fundi akiwaambia atapaka yote kwa makopo mawili, mwulizeni makoti mangapi. Akisema matatu, mwulizeni ataizimua na nini. Wako wanaoongeza mafuta ya taa ili ifike mbali. Vanishi yenye mafuta ya taa hubaki inanata, na harufu haiishi. Petroli ndiyo mbaya zaidi, nyumba inaweza kuwaka na fundi akiwa ndani. Na ile thina ya kupulizia rangi ya magari msiiguse, inaweza kulikunja koti la chini.

KUPAKA

Chagueni siku. Huku juu, mwezi wa Julai si wa vanishi. Januari na Februari ni bora. Anzeni saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukiisha kuondoka, na mmalize kabla ya saa tisa ili ubaridi wa jioni ukute vanishi imeanza kushika. Koti lililopakwa jioni katika hewa ya unyevu huweza kuamka likiwa na ukungu mweupe.

Korogeni kopo kwa kijiti, polepole, hadi chini. Msilitikise! Kutikisa huingiza mapovu, na mapovu hayo mtayaona yamekauka sakafuni. Kukoroga ni kwa lazima zaidi kwa vanishi isiyong'aa, kwa sababu ile dawa ya kupunguza mng'ao huzama chini ya kopo. Mimina kiasi kwenye kopo dogo ufanye kazi nalo, na kinachobaki humo kisirudishwe kwenye kopo kubwa, kina vumbi.

Koti la kwanza lizimuliwe kama maandishi ya kopo yanaruhusu: kikombe kimoja cha tapentaini kwa vikombe kumi vya vanishi. La pili na la tatu pakeni bila kuzimua.

Anzieni ukuta ulio mbali na mlango. Mmoja apake kingo kwa brashi ndogo, mwingine afuate na brashi ya inchi nne. Chukua mbao tatu au nne tu kwa wakati mmoja, uzipake kwa urefu wake wote hadi mwisho, ndipo uende kwenye nyingine. Ukiacha katikati ukanywa chai, ukirudi utaona mstari ambao hautafutika. Pitisha brashi mara moja ya mwisho, nyepesi, kana kwamba unampangusa mtoto usingizini, kisha uiache. Kurudia rudia vanishi iliyoanza kushika huivuruga. Inama utazame kuelekea dirishani. Mahali paliporukwa patakuwa bila mng'ao. Na jamani, malizieni mlangoni. Nimemwona mtu mzima akingojea kwenye kona hadi kesho yake asubuhi.

KUNGOJA, NA MSASA WA KATIKATI

Kopo litasema labda saa 12 au 24. Hesabu hiyo ni ya mahali penye joto na hewa kavu. Kwetu, toeni siku mbili. Lakini bora kuliko saa ni jaribio hili: chukua kipande cha msasa namba 220, usugue kidogo kwenye kona iliyofichika. Ikitoka poda nyeupe kavu kama unga wa muhogo, koti limekauka. Ikitoka vidonge vinavyonata na kuziba msasa, funga mlango uende shambani, urudi kesho. Sisi tungefanya jambo hili dogo ile Jumatano jioni, tungeokoa pesa zote zile.

Likishakauka, sakafu yote ipigwe msasa 220 kwa mkono mwepesi. Watu huuliza, mbona tunakwaruza kitu tulichopaka kwa pesa? Fikirini nyumba ya udongo. Kabla ya kupiga plasta ya simiti, fundi huchora mistari na kupigapiga ukuta ili plasta ishike. Ukuta laini hauishiki. Vanishi ya mafuta ikishakauka ni ukuta laini. Koti jipya haliyeyuki na kuungana na la zamani, linashika tu kwenye mikwaruzo midogo. Bila mikwaruzo, koti la tatu litalala juu ya la pili kama shuka, na siku moja litavutwa. Sugueni hadi mng'ao upotee na sakafu yote iwe na weupe mmoja, lakini msifike kwenye mbao zenyewe. Fagieni, pangusa na tapentaini, pakeni koti la pili. Kwa la tatu fanyeni vivyo hivyo.

Kwa wale wa mjini wanaoweza kupata vanishi ya maji: hiyo hukauka kwa saa mbili tatu, haina harufu kali, na haigeuki manjano sana. Lakini koti lake ni jembamba, hivyo mtahitaji matatu au manne. Huzimuliwa kwa maji, kamwe si kwa tapentaini, na msitumie sufi ya chuma katikati ya makoti, kwa sababu vipande vyake vitapata kutu na kuacha madoa.

MOTO NA PUMZI

Hapa naomba msiharakishe kusoma. Vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani vinaweza kuwaka VYENYEWE. Hakuna aliyewasha kiberiti. Vile vile mafuta yanavyovuta hewa na kukauka, hutoa joto, na kitambaa kikiwa kimekunjwa kwenye rundo, joto halina pa kwenda, linazidi hadi moto unashika. Kikundi kinaweza kwenda kulala kikiwa na ukumbi na kuamka bila. Vitambaa vyote vitandazwe nje kimoja kimoja, mbali na ukuta, hadi vikauke vikawa vigumu, au vitiwe ndani ya ndoo ya maji. Visiachwe pembeni mwa ukumbi, wala ndani ya gunia la unga wa mbao.

Siku ya kupaka, jiko, koroboi na sigara visikaribie. Ule mvuke ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye moto ulio chumba cha pili. Madirisha yawe wazi, wapakaji wapokezane, na mtu akisikia kichwa kinamzunguka atoke nje mara moja. Akina mama wajawazito na watoto wasiingie kabisa hadi harufu iishe. Vanishi isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui.

BAADA YA KOTI LA MWISHO

Siku mbili za kwanza hakuna mtu. Kuanzia siku ya tatu mnaweza kupita na soksi au miguu mitupu iliyo safi. Viti na meza baada ya juma moja, vikibebwa, visiburutwe. Mikeka na zulia vingojee majuma mawili au zaidi, kwa sababu vinazuia hewa na vanishi bado inaendelea kuwa ngumu hata kama mkononi unaiona kavu. Kwa hiyo mkihesabu siku za msasa, makoti matatu na kungoja, hakuna kukodisha ukumbi kwa karibu majuma matatu. Waandikeni wenye harusi tarehe za baadaye, hata wakikasirika.

Tundikeni vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti, na wekeni gunia la kupangusia viatu mlangoni. Mchanga ni msasa usiolipwa. Kuosha ni kwa kitambaa chenye unyevu, si kumwaga ndoo. Polishi ya nta msipake tena, mtakuwa mmejifungia njia ya kuongeza koti siku za mbele. Baada ya miaka michache, mng'ao ukififia pale wanapopita watu wengi lakini mbao hazijaonekana, pigeni msasa 220 sakafu yote, mpake koti moja tu, na kazi imekwisha kwa siku mbili. Mkingoja hadi mbao ziwe nyeusi, mtarudi kwenye namba 60.

Ukumbi wetu ulipakwa upya mwezi wa Februari uliofuata, koti moja kila baada ya siku mbili, na ufunguo ulikaa kwa mwekahazina. Aliukatalia hata mwenyekiti.